Bwana Harusi Aliyekataa Kuitikia

“Mnasadiki kwa Mungu Baba Mwenyezi, Muumba wa mbingu na nchi?”

“Nasadiki!” wakaitikia wote. Wote, isipokuwa Evance.

Katekista akavua miwani. Jumamosi Kuu asubuhi, mazoezi ya mwisho ya ubatizo wa usiku ule, halafu mtu mzima amenyamaza!

“Evance, umesikia swali?”

“Nimelisikia, Mwalimu. Ndiyo maana sijajibu.”

Eufrazia, mchumba wa Evance, alikuwa benchi la nyuma na kanzu nyeupe ya ubatizo aliyomshonea mwenyewe. Harusi ni baada ya wiki mbili tu. Baba yake, Mzee Anselmi, ameshatamba Mgeta nzima kwamba mkwe wake ni Mkatoliki. Na alishasema: bila ubatizo, hakuna ndoa.

Akamfuata Evance nje.

“Umenichoka? Sema tu.”

“Sijakuchoka, Frazia. Nimeshindwa.”

“Umeshindwa neno moja? Kwani nani atakupasua kifua aangalie?”

“Mimi napima sukari kiwandani. Nikiandika namba ambayo sijaiona kwenye kipimo, nimeiba. Sasa nikaseme uongo mbele ya altare?”

“Kwa ajili yangu.”

“Nikimdanganya Mungu kwa ajili yako, wewe nitakudanganya kwa ajili ya nani?”

Weee! Aibu ilimshika Eufrazia, aibu hasa. Yeye mwanakwaya, aliyebatizwa kabla hajaota meno, ndiye anamfundisha mwenzake kudanganya kanisani. Asiyeamini ndiye anayemwogopa Mungu!

“Kwa hiyo Mungu hayupo?” akauliza kwa sauti ndogo.

“Sijasema hayupo. Nimesema sijui. Kila siku naomba, sisikii kitu.”

“Hata mimi sisikii kitu.”

Evance akageuka. “Wewe?”

“Mama alipougua niliomba miezi saba. Akafa. Mpaka leo sijajibiwa. Sina ushahidi wowote, Evance. Namtegemea hivyohivyo.”

“Mbona hujawahi kuniambia?”

“Niliogopa ungenicheka.”

Hakumcheka. Alimshika mkono, wakaitazama milima.

Simu ikalia. Ujumbe wa Mzee Anselmi: “Mwenye maturubai anataka jibu. Kijana anabatizwa, habatizwi?”

Eufrazia hakujibu. Walikwenda kwanza kwa Padri, wakamweleza yote.

“Afadhali wewe kuliko wanaoitikia huku wanawaza pilau,” Padri akamwambia Evance. “Ubatizo haulazimishwi. Ila ndoa inawezekana, nitaomba ruhusa kwa Askofu. Eufrazia, utaahidi kushika imani yako, na kufanya unaloweza watoto wabatizwe. Evance, hutamzuia?”

“Simzuii, Padri.”

“Na utampenda mpaka kufa?”

“Ndiyo.”

“Umepima?”

Evance akajifuta jasho usoni.

“Sijapima, Padri. Lakini ndiyo.”

“Haya. Katafakari jibu lako hilo.”

Walipotoka, Eufrazia akapiga simu Mgeta.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba. Enhe, anabatizwa?”

“Habatizwi, Baba. Lakini nitaolewa naye, kwa ruhusa ya Askofu. Ikichelewa, tutasubiri.”

“Mwanangu, una uhakika gani kwamba huyo ataamini siku moja?”

“Sina, Baba.”

“Na ukizeeka bado hajaamini?”

“Nitakuwa nimezeeka naye. Mengine nimemwachia Mungu.”

“Mtihani huu! Na kesho Pasaka yeye atakuwa amelala nyumbani, sivyo?”

“Atakuja kanisani. Hajawahi kukosa Jumapili.”

“Haamini, halafu hakosi? Sasa anafuata nini huko?”

Eufrazia akafuta machozi, akacheka kidogo.

“Hilo muulize Mungu, Baba. Ndiye anayemleta.”