Karatasi ya Dawa ya Gaju

Kila asubuhi nilibeba bidoni ya maziwa kutoka kwetu hadi kwa Papa Albert, mtengeneza jibini, na njia nzima nilikuwa naimba vitenzi vya Kifaransa. Je mange, tu manges, il mange. Nikipanda mlima naimba, nikiteremka naimba. Waliokuwa mashambani walinicheka, lakini darasani hakuna aliyenifikia. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mwaka wa kwanza wa sekondari, na Mwalimu Hilaire akitaja kitenzi, nilikuwa nimeshakimaliza kabla wenzangu hawajafungua mdomo.

Baba yangu, Papa Valens, aliitembeza habari hiyo mlima mzima. Yeye aliacha shule mapema akachunga ng'ombe. "Gentille yangu iko nasema Kifaransa sawa padiri," alijigamba. Mimi nilisikia raha, sikumsahihisha. Ukweli ni kwamba nilijua kuimba tu. Maana ya nusu ya vitenzi vile sikuijua, na sikuuliza, kwa sababu niliogopa kuonekana sijui.

Jumapili moja, tukitoka ibadani, tulimkuta mwendesha pikipiki mlangoni kwetu. Ng'ombe wetu Gaju alikuwa amevimba kiwele, na daktari wa mifugo, aliyekwama Pinga kwa sababu ya matope, alikuwa ametuma dawa ya sindano pamoja na karatasi ya maelezo. Sindano haikumtisha baba. Wafugaji wengi wa kwetu huwachoma ng'ombe wao wenyewe. Kilichomtisha ni karatasi, kwa maana ilikuwa Kifaransa kitupu.

"Gentille, kuya hapa," aliniita mbele ya majirani. "Hii karatasi iko nasema nini?"

Niliisoma kwa sauti kubwa na matamshi mazuri. Kisha nikaanza kutafuta maneno niliyoyajua. Nilitambua trois jours, siku tatu. Nilitambua sept jours, siku saba, na neno lait, maziwa, ambalo liko kwenye mlango wa Papa Albert. Kabla ya lait kulikuwa na jeter. Nilifurahi sana, maana jeter nilikiimba kila siku: je jette, tu jettes, il jette! Lakini maana yake? Majirani walikuwa wananitazama. Baba alikuwa anatabasamu.

"Inasema umuchome siku tatu," nilisema, "na maziwa... maziwa uuzishe. Siku saba."

"Niuzishe? Hata na dawa ndani?"

"Ndiyo, Papa. Njo vile iliandikwa."

Nilisema bila kupepesa macho. Tena, ningewaza nini kingine? Kwetu maziwa hayamwagwi. Tone likidondoka, mama huinama akalifuta kwa kidole. Mtoto akiangusha kikombe cha maziwa, nyumba nzima hunyamaza. Nilijiambia kwamba mtu akiandika juu ya maziwa, hawezi kuandika ila kunywa au kuuza.

Jioni ile baba alimchoma Gaju, na Jumatatu nilipeleka maziwa yake kama kawaida. Jumanne asubuhi, nilipofika na bidoni nyingine, nilikuta watu wamesimama mbele ya nyumba ya jibini na hakuna anayesalimiana. Papa Albert alikuwa ameshika bonge la jibini la jana. Lilikuwa laini, linachuruzika kati ya vidole vyake. Jibini lote la Jumatatu, la maziwa ya familia kumi na tisa, lilikuwa limeharibika.

"Kuna muntu alitia maji mu maziwa!" alifoka, kisha akamgeukia Mama Libérata. "Jana ulileta bidoni bila kifuniko, na mvua ilikuwa nanyesha. Ni wewe!"

Mama Libérata, mjane mwenye ng'ombe mmoja tu, alishika kichwa. "Papa Albert, miaka kumi na mbili niko naleta maziwa kwako. Siku gani nilikudanganya?"

Bidoni yake ilisukumwa kando. Papa Albert akasema kwamba saa sita wenye maziwa wote wakutane, waamue kama Mama Libérata atafukuzwa kabisa, na baada ya hapo ndipo atachanganya maziwa ya siku hiyo. Niliweka bidoni yangu kwenye mfereji wa maji baridi pamoja na nyingine, nikaenda shule. Moyoni nilimlaumu yule mama. Ndiyo, mimi!

Siku hiyo Mwalimu Hilaire alifuta ubao akasema, "Leo hakuna kuimba. Kwetu Ntoto baba hakunifundisha kulima kwa wimbo, alinipa jembe. Nitataja kitenzi, nawe utakifanya. Gentille, tuanze na wewe." Akanipa kipande cha chaki. "Jette la craie."

Nilisimama wima. "Je jette, tu jettes, il jette, nous jetons..."

"Sikuomba wimbo, Gentille. Fanya."

Nilibaki nimeshika chaki. Jérémie, ambaye hajawahi kumaliza kitenzi hata kimoja bila kukwama, aliinuka, akanitoa chaki mkononi na kuirusha nje ya dirisha.

"Très bien!" alisema Mwalimu. "Kutupa."

Kutupa. Karatasi ilisema tutupe maziwa siku saba! Mimi ndiye niliyeharibu jibini la watu wote, na bidoni nyingine ya maziwa ya Gaju ilikuwa mferejini wakati huohuo, ikingoja kuchanganywa. Nilikaa chini, nikalia mbele ya darasa zima.

"Gentille, ni chaki tu," Mwalimu alinibembeleza. "Usilie."

Ningeweza kuitikia kwamba ni chaki. Hakuna ambaye angejua. Ila akilini nilimwona Mama Libérata ameshika kichwa, nikashindwa. Nilimweleza yote. Uso ulimbadilika, akatazama saa yake, tukatoka mbio.

Tulifika watu wakiwa wameshakusanyika. Baba yangu ndiye aliyekuwa akisema: "Muntu mwenye kutia maji mu maziwa asirudie hapa tena!"

"Papa," nilisema, na sauti ilitoka ndogo. "Si Mama Libérata. Ni mimi. Ile karatasi, nilikudanganya. Sikujua kuisoma."

Baba alinitazama kana kwamba hanifahamu. Polepole alitoa karatasi mfukoni mwa koti, akampa Mwalimu. Mwalimu aliisoma kwa Kiswahili, neno kwa neno: baada ya sindano, tupa maziwa siku saba, usiuze, usinywe, dawa ingali ndani yake.

Baba alivua kofia. Hakunipiga, hakunitukana. Alikwenda mferejini, akainua bidoni yetu, akaimwaga yote majanini mbele ya watu. Wanawake walishika midomo. Sijawahi kumwona mfugaji wa kwetu akimwaga maziwa. Heri angenipiga.

Kisha akachukua kifuniko cha bidoni ile tupu, akampelekea Mama Libérata kwa mikono miwili. "Mama, nilikusemea mubaya bure. Unisamehe. Chukua, ufunike maziwa yako. Sisi hatutaleta kitu wiki hii."

Papa Albert naye alisema kumbe ni dawa iliyozuia jibini kuganda, akaomba msamaha, akairudisha bidoni ya mjane kwenye mstari kwa mkono wake. Jibini la Jumatatu halikurudi.

Siku zilizofuata, hadi saba zilipoisha, kazi ya kumwaga maziwa ya Gaju ilikuwa yangu. Kila asubuhi nililia. Darasani niliacha kuwa wa kwanza, kwa sababu sasa kwa kila kitenzi nilikuwa nainua mkono kuuliza maana yake.

Siku ya nane Mama Libérata alikuja nyumbani na karatasi ya dawa zake za macho kutoka kituo cha afya. Alimpita baba, akaninyooshea mimi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilisoma taratibu. "Mama, hapa wanasema uweke tone mbili, asubuhi na mangaribi. Na hapa..." Nilirudia neno moja mara mbili. Baba alikuwa anasikiliza. "Hii neno sijue. Tuende tuulize Mwalimu."

Mama Libérata alicheka, akafunga kitenge chake vizuri tayari kwa safari.

"Njo hivyo, mutoto yangu," alisema. "Muntu anayesema 'sijue' hawezi kuumiza muntu. Sasa hata ile uliyosoma, naiamini."