Kisu Kilicholala Kwenye Chumvi

Jumanne ya kwanza ya Oktoba, saa moja asubuhi, Jory aliingia jikoni na soksi mguu mmoja, akakikuta kisu cha marehemu mama yake kimezama kwenye bakuli la maji ya chumvi.

— Tamsin, hiki ni nini?

— Kisu.

— Nakiona. Kinafanya nini humo?

— Kinatakaswa. Kiko humo tangu jana. Na usiniangalie hivyo, nimekuomba tangu Aprili.

Jory akakitoa. Kutu nyekundu ilishaanza kutambaa kwenye ukingo wake.

— Umemwosha mama yangu, alisema polepole. Jasho la mkono wake, miaka yake yote. Umemwosha kama sufuria.

— Jory, nisikilize...

— Nani alikuruhusu kukishika?

Hakuna aliyemruhusu. Kwa wachawi wa Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, watu wa dini ya kale wasioroga mtu, kisu chenye mpini mweusi hakishikwi na mtu bila ruhusa ya mwenyewe. Hakikati mkate wala kamba. Kazi yake ni kuchora duara la ibada hewani, basi. Mwenyewe akifa, hutakaswa, halafu mwanamume na mwanamke hukiweka wakfu upya kwa pamoja ndipo mrithi akitumie. Bibi Loveday, aliyeliongoza kundi lao miaka thelathini, alifariki Aprili na kisu akamwachia mwanawe Jory. Mei Tamsin alimkumbusha. Juni alimkumbusha. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: wiki ijayo, mpenzi. Oktoba ilipoingia, uvumilivu ukamwishia.

Lakini hata chumvi ilikuwa kosa, na alilijua. Loveday alimfundisha kila mgeni wa kundi: maji ya chumvi ni ya kikombe cha ibada; chuma hupakwa tone moja tu, kikapitishwa kwenye moshi.

Jory alikifunga kisu kwenye kitambaa cha kufutia vyombo, akavaa soksi ya pili, akaenda mjini Penzance kwa dada yake Kerensa.

Na huko hakukuwa kununiana tu. Tarehe thelathini Oktoba mwaka uliopita, Loveday aliwafunga mikono kwa kamba nyekundu: ndoa ya mwaka na siku moja. Siku ikifika, wawili huifunga tena. Asiyetokea amejibu, na kila mtu hushika njia yake. Siku yenyewe iliangukia sikukuu ya wafu, tarehe thelathini na moja. Zilibaki wiki tatu na siku chache.

Siku ya nne Tamsin aliandika: "Jory, tuongee."

Akajibu: "Niko kazini." Jory ni tarishi. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, na Cornwall nzima hakuna barua inayogawiwa saa hiyo.

Siku ya kumi: "Umekifuta maji lakini?"

"Usiniulize habari za kisu."

Siku ya kumi na tano akaandika ujumbe mrefu, akaufuta wote, akatuma: "Koti lako la mvua liko huku." Jory akajibu: "Najua."

Tamsin aliiweka simu ndani ya debe la unga, akaenda kukanda mikate ya watu. Alikuwa mwokaji, na wiki hizo mikate yake ilitoka migumu.

Jumamosi ya tarehe ishirini na tano, Kerensa alipiga simu.

— Wifi, njoo umchukue mtu wako.

— Anasemaje?

— Hasemi. Anakaa jikoni kwangu kama shuka lililosahauliwa kwenye kamba. Jana kaniomba nimsaidie kuweka kisu wakfu, eti lazima awepo mwanamke. Nikamwambia kaka, mimi ni mtu wa kanisani, nina kwaya kesho. Akasema nishike tu upande mmoja, si lazima niamini.

— Ukashika?

— Nilicheka, Tamsin. Kakasirika, kaenda bandani. Hebu mwambie kitu, yuko hapa.

Kulikuwa na kunong'onezana, mlango ukafungwa, kisha sauti ya Jory.

— Kutu inatolewaje?

Wiki mbili na nusu, na hilo ndilo neno la kwanza kutoka kinywani mwake. Tamsin alifumba macho.

— Pamba ya chuma, ile laini kabisa, na mafuta. Sugua taratibu, upande mmoja tu.

— Nimefanya hivyo. Nyekundu imetoka. Imebaki nyeusi.

— Nyeusi gani?

— Madoa. Karibu na ncha. Chumvi yako imeingia mpaka ndani.

Tamsin akafumbua macho. Miaka kumi na tisa ameshika visu vya chuma cha zamani katika duka la mikate.

— Jory, chumvi huleta wekundu. Haileti weusi. Weusi unatoka kwenye matunda. Ulikata nini nacho?

Jory alikohoa.

— Jory.

— Matofaa, alisema.

— Matofaa.

— Moja tu. Kila asubuhi. Kule kwetu, bandani, kabla ya kwenda kazini.

— Tangu lini?

— Tangu Mei.

Tamsin alivuta kiti akakaa.

— Ngoja nikuelewe. Miezi sita nakuomba tukitakase, unaniambia wiki ijayo. Nakitia kwenye maji mara moja, unanifokea kwamba nimemwosha mama yako, unahama nyumba. Na wakati wote huo ulikuwa unakitumia kumenya matofaa. Kisu cha duara.

— Mama alikuwa ananimenyea, Jory alisema. Kabla ya shule. Ganda moja refu bila kukatika. Nilidhani nikishika pale aliposhika yeye... Halafu ungekitakasa, na mimi ningebaki na chuma tu.

— Kwa nini hukuniambia?

— Ungeniambia kisu cha duara hakikati kitu.

— Ningekwambia, ndiyo. Halafu ningekuja kukaa na wewe bandani. Unafikiri mimi sikumpoteza? Nani alikuwa anamchana nywele ule mwezi wa mwisho?

— Wewe.

— Basi. Chumvi ilikuwa kosa langu, na nilikishika bila ruhusa. Nisamehe kwa hilo. La matofaa ni lako.

— Ni langu.

— Ijumaa saa tisa, Jory. Watu tisa wanakuja, na sitawaeleza mimi kwa nini umechelewa.

Akakata simu kabla hajasikia jibu, na siku sita zilizofuata alijuta kila saa.

Ijumaa saa tisa ikapita. Saa tisa na nusu Jory akatokea kwenye lango la bustani, amelowa mpaka mfupani.

— Koti langu liko huku, alisema.

— Ulisema unajua.

Wenzao walijifanya wanapanga mishumaa. Jory akafungua kitambaa, akamgeuzia Tamsin mpini.

— Kishike. Nimekuruhusu.

Wakaanza. Tamsin alichovya ncha ya kidole kwenye maji ya chumvi ili akipake kisu.

— Tone moja, Jory alinong'ona.

— Nimesikia.

— Nasema tu.

— Jory, nimesikia.

Wakakifuta papo hapo, wakakipitisha kwenye moshi wa ubani, kisha juu ya mwali wa mshumaa, mkono juu ya mkono. Mwisho, kama Loveday alivyowafundisha, wakakibana bapa katikati ya vifua vyao, wakakumbatiana ili kipate joto la wote wawili.

— Cha baridi, Jory alisema.

— Wewe ndiye wa baridi. Tulia.

Akatulia. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na Tamsin akamshikilia mpaka yakaacha. Hakuna aliyewaharakisha, ingawa mvua ilikuwa inarudi na jua lilikuwa linazama.

Chombo kikishawekwa wakfu hutumika siku ile ile. Jory akachora duara kwa kisu cha mama yake, mara ya kwanza. Kisha mama mmoja wa kundi akaleta kamba nyekundu.

— Mwaka na siku moja? aliuliza.

— Hapana, Tamsin alisema.

Jory akamgeukia, uso umemshuka.

— Sitaki kila Oktoba nihesabu siku nikiongea na simu, alisema Tamsin. Funga ya maisha, au nenda kachukue koti lako.

Jory akanyoosha mkono.

Kisu sasa kiko kwenye droo ya juu, kimepakwa mafuta, na madoa meusi hayakutoka. Kila asubuhi Jory humenya tofaa moja kwa kisu cha jikoni. Ganda hukatika njiani, na nusu ya tofaa humpa Tamsin.