Nyigu Anayekwenda Kinyumenyume

Semeni ana ufagio wa chelewa. Kila jioni anafagia uwanja wa Bibi. Fya, fya, fya!

Leo ufagio ulisimama. Mchangani, karibu na ukuta wa jiko, palikuwa na tundu dogo. Kando ya tundu alikuwepo nyigu.

"Nyigu!" akapiga kelele Bibi. Juzi nyigu wa darini walimuuma sikioni. Sikio likavimba kama andazi. Bibi hajasahau, hata kidogo.

"Nateleka maji," akasema Bibi. "Yakichemka, nayamwaga kwenye tundu lake!"

Semeni alimwonea huruma yule nyigu. Yuko peke yake, maskini. Semeni akachuchumaa, mikono nyuma.

Tazama, tazama.
Usimguse. Tazama.

"Bibi, huyu ni mweusi. Anang'aa kibuluu."

"Nyigu ni nyigu tu," akasema Bibi. Sufuria ikaanza kuimba. Shiii...

Tazama, tazama.
Usimguse. Tazama.

"Bibi, ana miguu mirefu! Na mabawa yake hayatulii. Tiki, tiki, tiki!"

"Mmh," akaguna Bibi. Maji yakachemka. Bwata, bwata, bwata!

Nyigu akaenda nyuma ya jiwe. Akarudi na kitu kikubwa.

"Bibi, njoo! Anaburuta buibui! Tena anakwenda kinyumenyume!"

Bibi akaja na sufuria mkononi. Akainama. Akatazama.

Kuru, kuru, kuru. Buibui alikuwa mkubwa kuliko nyigu. Nyigu akamvuta, akamvuta, mpaka ndani ya tundu.

"Loo!" akasema Bibi. "Siye huyu aliyeniuma. Wale wanakaa kundi zima, darini. Huyu anachimba mchangani, peke yake. Huyu ni mwinda buibui. Anamwekea mwanawe chakula."

"Maskini buibui," akasema Semeni.

"Maskini kweli. Lakini mtoto naye ale."

"Na maji je, Bibi?"

Bibi akaitazama sufuria. Akacheka mpaka sikio likamuuma.

"Maji? Utaoga wewe!"

Semeni akamalizia kufagia. Fya, fya, fya! Penye tundu akapazunguka.

Kisha akaoga maji ya vuguvugu. Akala. Akapanda kitandani.

"Bibi, mtoto wa nyigu amelala?"

"Bado yumo kwenye yai. Mama yake ameufukia mlango, hakuna wa kumsumbua."

Semeni akavuta kanga mpaka kichwani.

"Bibi, na mimi nifukie."

Bibi akamfunika vizuri, miguu na yote. Tundu likawa kimya, na Semeni akalala.