Taslimu na Ada ya Binti Yake

Mlango wa karakana ya fundi seremala wa mtaani kwetu uliandikwa kwa rangi nyekundu: TASLIMU TU. Jina lake halisi watu walikuwa wamelisahau. Wateja, watoto, hata mkewe, wote walimwita Taslimu.

Alikuwa na sababu. Zamani aliwapa watu vitanda kwa ahadi. Wao wakavilalia usingizi mnono, yeye akakesha akiwaza fedha yake. Ndipo akaapa: hakopeshi mtu, wala yeye hakopi. Ukimletea nusu ya bei, anakurudishia mkononi. "Zikitimia urudi," anasema, kisha anaendelea kupiga randa.

Mkewe alishona mito ya viti kwenye kona ya karakana hiyo hiyo. Binti yao wa kwanza alikuwa chuoni, akisomea kazi ya maabara. Aliishi kwa shangazi yake, karibu na chuo. Muhula wa kwanza Taslimu aliuza meza kubwa na viti vyake, akalipa ada yote kwa mkupuo. Alitembea kifua mbele wiki nzima, mpaka tukamchoka.

Muhula wa pili kazi zilipungua. Fedha aliyoiweka ndani ya kopo tupu la vanishi ilifika nusu ya ada, ikapita kidogo, ikagoma hapo. Chuo kilituma ujumbe wa kukumbusha kwenye simu ya binti. Binti alimjua baba yake, kwa hiyo akanyamaza. Taslimu naye, kila mkewe alipomuuliza habari ya ada, alikuwa na jibu moja tu: atapeleka zikitimia.

Hazikutimia. Asubuhi moja, siku ya masomo, binti alitokea mlangoni na begi begani. Mama alisimamisha cherehani. Binti alieleza kwa sauti ndogo kwamba tarehe ya kulipa ilikuwa imepita, faini imeongezwa, na jina lake halimo kwenye orodha ya mtihani. Mtihani ulikuwa wiki inayofuata. Asipoufanya, angerudia mwaka mzima.

"Nusu na zaidi ipo ndani ya kopo," mama alisema. "Kwa nini haikwenda?"

Taslimu alijipangusa vumbi la mbao usoni. "Niende na nusu, nionekane kama wale wa vitanda?"

Binti aliinamisha kichwa, machozi yakamlengalenga. Ilikuwa inauma kumwona.

Wakati huo jirani yao akaingia. Ni mwanamke mcheshi, mhasibu wa chuo kingine. Kwa miezi alikuwa akipita kutazama kabati moja alilolipenda, kisha anaondoka bila kulinunua. Aliona nyuso zao, akauliza kuna nini. Mama akamweleza yote.

Jirani alivuta kigoda, akakaa. Alimwomba binti afungue ankara ya chuo kwenye simu na kuisoma kwa sauti, mstari mmoja mmoja. Ada ya masomo. Vifaa vya maabara. Mtihani. Chakula cha bwaloni.

"Hapo simama," jirani alisema. "Unakula bwaloni?"

"Hapana, mama. Nakula kwa shangazi."

Hata muhula uliopita hakula huko. Taslimu alikohoa. Alikuwa amelipa jumla iliyoandikwa chini, bila kusoma mistari ya juu.

"Fundi, ukinunua mbao unazigeuza moja moja," jirani alisema. "Ankara ya mwanao unailipa umefumba macho?"

Akawaeleza kwamba huduma usiyoitumia unaweza kuomba iondolewe. Tena vyuo vingi hukubali ada ilipwe kwa awamu. Kila chuo kina utaratibu wake, kwa hiyo mtu aende ofisini aulize, na aende kabla ya tarehe ya mwisho. Aulize kama mpango huo una gharama ya ziada. Aulize pia kama upo msaada wa masomo ambao mtoto anaweza kuuomba. Fedha iingie benki, kwenye akaunti ya chuo, pamoja na namba ya usajili ya mwanafunzi, na risiti itunzwe. Asikabidhiwe mtu mkononi, hata akiwa amevaa tai.

"Bado ni deni," Taslimu alisema.

"Wale wa vitanda walikukimbia. Wewe unakwenda mwenyewe, unasema leo una nini na kingine utaleta lini. Unaweka sahihi. Hapo nani kamkimbia nani?"

Kisha Taslimu akamuuliza kwa nini analizunguka lile kabati miezi yote hiyo.

"Nusu ninayo tangu zamani," jirani alijibu. "Nasubiri zitimie. Nguo zangu zinaning'inia kwenye misumari."

Kesho yake Taslimu alikwenda chuoni na binti yake, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi. Ofisini alikuta foleni. Mbele yake alisimama nesi mwenye sare, dereva, na mwalimu mmoja mwenye miwani. Wote walikuja kupanga awamu. Hakuna aliyemtazama mara mbili.

Karani aliondoa chakula cha muhula huu. Cha muhula uliopita hakikurudishwa, muda wa kudai ulikuwa umekwisha. Faini nayo haikufutwa, kwa sababu tarehe ilishapita. Fedha ya kwenye kopo ingelipwa siku hiyo, na ada iliyobaki iligawanywa kuwa awamu mbili. Taslimu aliyasoma makubaliano yote mstari kwa mstari, akaweka sahihi. Wakaenda benki kuweka fedha ya kopo, wakarudi na risiti. Kabla ya saa sita jina la binti lilikuwa kwenye orodha ya mtihani.

Nje ya ofisi alimkabidhi binti risiti aitunze.

"Nilikuwa naangalia aibu yangu, mwanangu," alisema. "Mtihani wako sikuuona."

"Na mimi ujumbe wa chuo nilikuficha, baba."

Walikubaliana kwamba kuanzia siku hiyo kila ujumbe wa chuo utasomwa nyumbani, uwe mtamu au mchungu.

Wiki iliyofuata binti alifanya mtihani wake. Jirani naye alilipa nusu ya bei, akaweka sahihi, na kabati likaenda kwake kwa mkokoteni. Nusu hiyo ndiyo iliyolipa awamu ya kwanza ya chuo, tena kabla ya tarehe.

Likizo ilipofika, binti alirudi na matokeo yake. Alikuwa amefaulu. Alitaka kuingia mbio, lakini alisimama mlangoni kwanza. TASLIMU TU ilikuwa bado pale. Chini yake palikuwa na maneno mapya: AU INGIA TUONGEE. Aliyagusa, na rangi mbichi ikamshika kidoleni. Alicheka peke yake, akaingia kumwonyesha baba yake matokeo.