Ruffin Hakuwa na Bawasiri

Kila asubuhi Henriette aliuza maandazi mlangoni kwake, mtaa wa Manika. Mumewe, Ruffin, alikwenda kuchimba madini kwenye machimbo ya Mashamba. Siku moja alirudishwa amebanwa katikati ya wenzake wawili juu ya pikipiki. Alikuwa ameteleza shimoni, akaangukia makalio juu ya jiwe.

Mama yake Ruffin, Mama Ngeleka, hakutaka kusikia habari ya jiwe. Alisema maumivu ya kalio ni bawasiri tu. Akamkalisha karibu na moto, kisha akasaga pilipili na mizizi, akajaza mpira wa lavema, ule wa kutia dawa kwa njia ya haja kubwa. Ruffin alilia kama mtoto. Kesho yake akatiwa tena.

Henriette alivumilia kwa heshima. Siku iliyofuata alimwona mumewe akienda msalani huku akiburuta mguu wa kulia. Kidole gumba cha mguu huo hakikuinuka. Hapo subira ilimwishia.

"Mama, bwana yangu alianguka ku jiwe," alisema. "Bawasiri inatoka wapi? Lavema haiungake mufupa."

Mama mkwe alimwita mwanamke asiye na adabu. Henriette alitafuta gari, akamlaza Ruffin kiti cha nyuma, wakaenda hospitali.

Picha ya kawaida ya eksirei haikuonyesha kitu. Skana ndiyo iliyoonyesha ufa. Polycarpe, fundi wa viungo wa hospitali, aliwaeleza taratibu. Chini ya uti wa mgongo kuna mfupa wa pembe tatu, unaitwa sakramu. Pande zake mbili zimetanuka kama mabawa, zikashikana na mifupa ya nyonga. Uzito wa kiwiliwili hupita hapo kuteremka miguuni.

Henriette alipomsimulia dawa ya nyumbani, uso wake ukabadilika.

"Bawa ya kuume ilipasuka," alisema kwa ukali. "Mushipa wa kuinua muguu unapita palepale juu yake. Na ninyi mulimukalisha ku moto, mukamutia pilipili."

Aliyeanguka hivyo, alisema, asikalishwe wala asikandwe. Alazwe juu ya ubao, apelekwe hospitali. Akishindwa kukojoa, au akifa ganzi katikati ya mapaja, asicheleweshwe hata kidogo.

Ruffin alipumzika, akatembea kwa magongo wiki nyingi, akafanya mazoezi. Polepole kidole kikainuka, na mguu ukapata nguvu.

Siku alipotoka nje bila magongo, majirani walikusanyika. Mama Ngeleka akajisifu kwamba ni dawa yake. Henriette alifungua kinywa kwa hasira, lakini Ruffin alimtangulia.

"Mama, pilipili yako iliniunguza," alisema. "Bibi yangu Henriette njo aliniponya."

Mama Ngeleka aliinamisha uso. Jirani yao Falonne, ambaye mumewe alikuwa ndani akiugulia kalio tangu aanguke shimoni, aliondoka haraka. Alikwenda kutafuta gari.