Weupe wa Nepi za Dobi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu tunaanza, Yeye aliyetuvika ngozi kabla hatujajua kushona, akaifanya nguo isiyohitaji wanga wala pasi. Tunamwomba atufunulie yenye manufaa, na atuepushe na ujuzi unaojisifu.

Ama baada ya hayo, tuwajue wenye nyumba. Wa kwanza ni Dobi. Watu wa mtaa walimwita kwa kazi yake, hata jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Wa pili ni mkewe. Yeye alipokea nguo za wateja na kushona vifungo vilivyong'oka. Wa tatu ni mama yake Dobi, mwanamke wa maneno mengi na moyo laini. Wa nne ni mtoto mchanga wa kike, ambaye hakuwa na kazi ila kunyonya, kulala na kulowa. Wote walimwita Kipusa. Bibi yake peke yake alimwita "mke mwenzangu," kama mabibi wapendavyo kutania wajukuu.

Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi. Palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi ya mkaa, na rafu ya chupa. Nyuma palikuwa na ua, na kamba za kuanikia zilizovuka kutoka ukuta hadi ukuta. Maji yalichotwa kwa ndoo kwenye bomba la mwisho wa mtaa.

Kipusa alizaliwa baada ya miaka mingi ya kungoja. Siku alipoletwa nyumbani, Dobi alisema, "Nguo za watu nafua kwa ujira. Nepi za mwanangu nitazifua kwa mapenzi."

Akatimiza. Aliziloweka nepi katika sabuni ya unga, akaongeza dawa ya kung'arisha nguo. Akazisuuza mara moja, kwa kuwa maji yalikuwa mbali. Kisha akazitia wanga kidogo na tone la manukato. Zilipokauka, alizipiga pasi na kuzikunja kama leso za bwana harusi. Wateja walipokuja, aliwaonyesha.

"Tazama nepi hii. Ukiona doa, nakufulia bure mpaka mwisho wa mwaka."

"Dobi, hii ni nepi au ni cheti?" mteja mmoja aliuliza, na watu wakacheka. Dobi naye alicheka. Lakini moyoni aliona fahari.

Basi ikawa Kipusa akapata wekundu makalioni. Mwanzo ulikuwa mdogo, kama alama ya kidole. Baadaye ukatambaa. Ngozi ikavimba, ikaanza kuchubuka. Kila mtoto alipokojoa, alijipinda na kupiga yowe. Usingizi ukamkimbia. Hata ziwa akawa analiachia katikati, akalia.

Kila mtu alifanya alijualo. Mama mtu alimsugua kwa sabuni kila alipombadilisha, akidhani ni uchafu. Bibi alimnyunyizia poda mpaka mtoto akafanana na andazi lililogaagaa katika unga. Juu ya nepi wakamvisha chupi ya nailoni, ili asilowanishe nguo za wateja. Dobi naye akaongeza dawa ya weupe. Hali ikazidi kuwa mbaya.

Asubuhi moja maneno yalitoka.

"Nepi safi zimejaa kabati," Dobi alisema, macho yake yakiwa kwenye pasi. "Sijui kwa nini mtoto analazwa na mkojo."

Mkewe aliweka sindano chini. "Nani anayemlaza na mkojo?"

"Mimi sikumtaja mtu."

"Umenitaja, ila hukunitazama. Baba Kipusa, nambadilisha kila akilowa. Wakati mwingine nambadilisha hata kabla hajalowa!"

"Basi labda usingizi wako mzito, mwanangu," bibi alidakia kwa upole.

"Mama, mimi na usingizi hatujaonana muda mrefu. Tukikutana njiani hatutatambuana." Akawageukia wote wawili. "Wewe Baba Kipusa unafua. Mama anapaka poda. Mimi nabadilisha. Kila mmoja wetu anafanya wema. Basi nani anayemchoma mwanangu?"

Mke akaingia chumbani, akaanza kufunga nguo zake na za mtoto. "Kesho nampeleka kwetu," alisema. "Labda huko atapona."

Dobi akabaki na pasi mkononi. Aliisahau juu ya shati la mtu, akazinduliwa na harufu ya kuungua. Miaka yote aliyomngoja mtoto huyu ilimpitia kichwani. Nyumba bila kilio cha Kipusa ingekuwa kimya kama zamani, na kimya kile alikijua.

Alasiri ya siku ileile, alikuja muuguzi wa zahanati kuchukua sare zake. Alikuwa mteja wa siku nyingi. Kabla hajakaa, kilio kikasikika kutoka chumbani.

"Huyo halii njaa," muuguzi alisema. "Huyo analia maumivu. Mnaniruhusu nimtazame?"

Wakamlaza mtoto juu ya meza ya kupigia pasi. Muuguzi alinawa mikono, akamfungua taratibu. Akagusa paji la uso, akatazama makalio, akatazama mapaja. Kisha akafunua mikunjo ya kinena, akaitazama kwa makini.

"Homa hana," alisema. "Usaha hakuna, malengelenge hakuna. Na tazameni hapa ndani ya mikunjo. Pazima! Kingekuwa kile kipele cha fangasi, hapa ndani pangekuwa pekundu sana, na pembeni pangetapakaa vidoa vidoa. Huyu ameungua pale tu nepi inapomgusa. Nani anafua nepi?"

Bibi akamtazama mwanawe. Mke akatazama sakafu.

"Mimi," Dobi alisema. "Na hakuna nepi safi kuliko hizo katika mji huu."

"Nipe moja. Na beseni la maji safi."

Dobi akaleta nepi iliyotoka kwenye pasi. Ilikuwa ngumu, ungeisimamisha, ingesimama. Muuguzi akaitumbukiza katika beseni, akaifinya mara kadhaa, akaitoa.

Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya uji. Pembeni mwa beseni povu jembamba lilizunguka.

"Tia vidole, kaka," alisema muuguzi.

Dobi akatia. Maji yaliteleza kama kamasi ya bamia. Mikono yake ilikuwa imeugusa utelezi huo maisha yake yote, nayo ilikuwa migumu mno kuujali.

"Nepi imefuliwa, lakini haijasuuzika. Sabuni imo, dawa ya weupe imo, wanga umo. Mtoto akikojoa, vyote vinayeyuka na kumkalia mwilini. Na hiyo nailoni inafunga mlango ili visitoke."

"Sista," Dobi alisema, na masikio yake yalikuwa ya moto, "mimi nimefua nguo za mawakili na maimamu. Hakuna aliyelalamika."

Muuguzi akatabasamu. "Nikuambie siri? Sare zangu nikifika nyumbani nazisuuza tena. Kola zako hunila shingo."

Mkewe Dobi akaangua kicheko. Alikuwa hajacheka siku nyingi, na kicheko kilimtoka pamoja na machozi.

"Mbona hukuniambia?" Dobi aliuliza.

"Ungekubali?"

Dobi akajifuta vidole. Bibi ndiye aliyesema, "Kikulacho ki nguoni mwako. Tumeusema msemo huu tangu utotoni, wala hatukuipekua nguo!"

"Bibi, na poda nayo iache," muuguzi alisema. "Ikilowa inagandamana kwenye kidonda. Na vumbi lake mtoto analivuta mapafuni."

"Basi nimpake nini mke mwenzangu?"

"Kwanza, upepo. Mwacheni bila nepi kila inapowezekana. Mlazeni juu ya kitambaa laini, na mtu akae karibu asije akaanguka."

"Akae uchi mchana kweupe?" Bibi alishika kidevu.

"Kweupe hasa, bibi. Kidonda kilichofunikwa na unyevu hakikauki."

Kisha akamgeukia mama mtu. "Dada, acha kumsugua. Mkojo usafishe kwa maji ya vuguvugu matupu. Akijisaidia choo, mmiminie maji, ufute polepole kwa kitambaa laini kilicholowa. Sabuni hapana mpaka apone. Ukimkausha, gusagusa tu, usisugue. Kisha mpake krimu ya zinki, ile nyeupe nzito ya watoto. Ukiikosa, mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Usimpake kidogo kama mtu anayeonja chumvi. Mpake nene, kama mwashi anavyopiga lipu ukuta. Ukimbadilisha tena, ondoa uchafu tu. Mafuta yaliyobaki usiyakwangue. Ongeza juu yake."

"Na usiku?"

"Akilowa, mbadilishe. Akijisaidia choo, usingoje hata kidogo. Nepi isimbane. Nailoni itupe."

"Kuna dawa ya ngozi niliachiwa na jirani," bibi alisema. "Ilimponya upele mara moja."

"Ya jirani mrudishie jirani. Dawa nyingine za ngozi ni kali, humdhuru mtoto. Sasa sikilizeni. Akipata homa, au usaha, au malengelenge, au damu, au vidoa vyekundu ndani ya mikunjo, au akikataa kunyonya, msingoje. Mleteni zahanati siku hiyohiyo. Na hata bila hayo, siku ya tatu ikifika hajapata nafuu, mleteni. Matibabu ya nyumbani yana mpaka wake."

Muuguzi alipoondoka, mke aliutazama mzigo aliokuwa ameufunga. Hakuufungua. "Nitaona hiyo siku ya tatu," alisema.

Dobi alizitoa nepi zote kabatini, akaziangusha ndani ya karai. Akachukua ndoo, akaenda bombani. Akamwaga, akasuuza, akakamua, akaenda tena. Maji ya kwanza yalitoka kama maziwa. Ya pili yakatoka kama uji mwepesi. Kwenye foleni wakamtania.

"Dobi, leo unafua nguo au unafua mtaa?"

"Nafua ujinga wangu," alijibu. "Nao una madoa sugu."

Hakuacha mpaka maji yalipotoka kama yalivyoingia, na hayakuteleza tena vidoleni. Akazianika juani, bila wanga wala manukato.

Zilipokauka zilikuwa laini. Lakini siku iliyofuata, baada ya kutumika na kufuliwa kwa sabuni kidogo ya kipande, zilibaki na vivuli vya manjano. Zilining'inia uani, kando ya mashuka ya wateja yaliyong'aa. Mshonaji wa jirani, mama mwenye ulimi mkali, alizitazama kutoka mlangoni.

"Ee Dobi! Hizo za nani? Ukizeeka hivi, mimi nguo zangu nitafua mwenyewe."

Neno lilimchoma. Mshonaji alikuwa mteja mkubwa, na maneno yake yalitembea mtaani bila viatu. Dobi akaingia ndani. Mkono wake ukaenda kwenye rafu, ukashika chupa ya dawa ya weupe. Nepi moja tu, alijiambia. Moja ya kuanika mbele.

Akasikiliza. Chumbani kulikuwa kimya. Akachungulia. Kipusa alikuwa amelala kifudifudi mapajani mwa mama yake, makalio wazi, meupe kwa krimu kama ukuta mpya. Mama yake alikuwa macho, akimlinda. Usoni pa mtoto hapakuwa na kunyanzi hata moja.

Dobi akairudisha chupa, akaisukuma nyuma kabisa ya rafu. Kisha akatoka uani.

"Ni za mwanangu," alimwambia mshonaji. "Zishike, usizitazame."

Mshonaji akaishika moja. Akaipeleka shavuni, kwa mazoea ya mtu anayejua vitambaa. "Mh," alisema. "Hii inafaa." Hakuongeza neno, na kwa mtu kama yeye, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Siku ya tatu muuguzi alipita. Wakamlaza Kipusa juu ya meza ileile, bila nepi. Wekundu ulikuwa umefifia. Palipochubuka palikuwa na ngozi mpya ya waridi, kavu.

"Anapona," muuguzi alisema. "Msiache mpaka—"

Hapo mtoto akakojoa. Wote wakashika pumzi. Kwa siku nyingi mkojo ulikuwa umekuja pamoja na yowe, na masikio yao yalikuwa yamezoea kulingoja. Mkojo ukatiririka mezani, ukafika kwenye shati la mteja lililotoka kwenye pasi, ukalilowesha kola mpaka kifungo cha tatu.

Kipusa akapiga teke hewani. Akacheka.

"Shati la watu!" bibi akapiga kelele.

"Nguo hufuliwa, mama," Dobi alisema. Akamgeukia mkewe. "Mama Kipusa, kidole nilikuelekezea wewe, na mkono uliomchoma ulikuwa wangu. Nisamehe."

Mkewe aliingia chumbani, akaufungua ule mzigo. Wakasikia milango ya kabati ikifunguliwa, na nguo zikirudi mahali pake.

Shati lile Dobi alilifua upya. Akalisuuza mpaka maji yakatakata, na tangu hapo hakuna nguo iliyotoka kwake bila kusuuzwa hivyo. Nguo za watoto hakuzitia wanga tena, hata mteja alipoomba. Kola zake zikaacha kula shingo za watu.

Bibi yule ametangulia mbele ya haki, naye aliondoka akimtania mke mwenzake, aliyekuwa ameanza kusimama dede. Mola amlaze pema. Na waliobaki, ewe Mola, Dobi na mkewe na Kipusa wao, na kila mama anayekesha na mtoto mwenye maumivu, uwape mikono milaini, maji ya kutosha, na masikio yanayokubali kuambiwa. Amin.