Mluzi wa Karakana

Karakana ile ya samani ilikuwa na mluzi wake. Ssss, asubuhi hadi jioni. Ulitoka kwenye mabomba ya hewa, ile inayobanwa na kompresa ili iendeshe mashine za kupiga misumari na kupulizia rangi. Kifungua Mimba, binti mkubwa wa marehemu mwenye karakana, aliusikia tangu akibebwa mgongoni. Kwake, mluzi ule ulikuwa baba. Akiusikia tu, anamwona mzee, vumbi la mbao kwenye nyusi, akimwambia, "Randa iheshimu, mwanangu, ila usiiogope."

Sasa randa hiyo, mashine ya kulainishia mbao, ilikuwa inauzwa. Mnunuzi angekuja Ijumaa.

"Tufanyeje?" mama alisema. "Hewa haitoshi, misumari inaingia nusu, na umeme unatumaliza. Tuuze randa, tununue kompresa kubwa."

"Si tumeongeza presha juzi tu?"

"Tumeongeza, na bado!"

Binti akaangua kilio, tena bila aibu. Jirani yao Mama Pacha, fundi mitambo wa kiwanda cha chupa, akaja mbio, mwiko mkononi.

"Jamani, nani kafa?"

"Hajafa mtu. Randa ya baba inauzwa."

Akaelezwa yote. Akatega sikio. "Na huo mluzi?"

"Ni wa siku zote. Ni wa baba."

"Wa baba wapi! Hewa inavuja hiyo. Kompresa inakula umeme ikibana hewa, nyie mnaimwaga. Mnateka maji kwa ndoo iliyotoboka, halafu mnataka kununua kisima! Na mkiongeza presha, ndiyo inavuja zaidi."

Wakachanganya sabuni na maji, wakapaka kwenye mipira ya hewa na maungio yake. Palipovuja, povu likafura. Loo, lilifura kila mahali!

"Kabla ya kufungua chochote, zimeni kompresa, toeni hewa yote," Mama Pacha alionya.

Wakabadilisha mipira iliyopasuka, wakasafisha chujio la kompresa, wakakaza maungio. Likabaki ungio moja, juu ya randa. Binti akasita.

"Hili tuliache, Mama Pacha. Nitamsikia wapi tena?"

Mama Pacha akampa spana. Binti akakaza, machozi yakimtoka.

Walipowasha tena, wakashusha presha kidogo kidogo, wakijaribu misumari, mpaka wakapata kiasi kinachotosha. Wakakubaliana pia kuzima kompresa saa ya chakula.

"Na marufuku kujipuliza vumbi kwa mpira wa hewa," Mama Pacha aliongeza. "Ni hatari kwa macho na ngozi. Brashi ziko wapi?"

Ijumaa mnunuzi akaja. Misumari ilikuwa inazama mpaka kichwa, na kompresa ikijaza tangi inapumzika, jambo ambalo lilisahaulika kabisa pale.

"Samahani kwa usumbufu, baba," mama alimwambia. "Haiuzwi."

Mgeni alipoondoka, mama akakaa kwenye benchi, akasikiliza. "Kimya gani hiki! Unajua, baba yako kila Jumapili alikuwa akisema, 'Wiki hii lazima niuzibe ule mluzi, unanikera.' Mpaka anafariki, maskini, hakupata nafasi."

"Mluzi ulimkera?"

"Sana!"

Binti alicheka mpaka akalia tena. Kisha akafuta uso, akaweka ubao kwenye randa.

"Haya, baba," alisema. "Tumeuziba."